Msiitukane Mystère

Nimeazimia kuitetea ndege, na wanaotaka kucheka nawaruhusu wacheke kwanza. Si ndege ya kweli ninayoitetea. Hizo zimekwisha kustaafu siku nyingi, na chache zilizosalia zimo katika majumba ya makumbusho, watoto wanapigiwa picha mbele yake. Naitetea ndege ya mchezo wa kompyuta, ile Mystère ya Wafaransa, ambayo wachezaji wenzangu wameigeuza kuwa tusi. Mtu akiangushwa dakika ya kwanza, ni Mystère. Akikosa shabaha, ni Mystère. Mimi nimeirusha ndege hii zaidi ya mwaka mzima, jioni baada ya jioni, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba ubovu haumo katika bawa lake.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, mambo yako hivi. Unakaa mbele ya kompyuta na kijiti cha kuongozea mkononi, unachagua taifa, na unaanza na ndege za propela za miaka ya 1930. Kila pambano linakupa pointi, na pointi zikitimia unafunguliwa ndege inayofuata. Ukichagua Ufaransa, baada ya safari ndefu unafika kwenye jeti. Kwanza Ouragan, yenye mabawa yaliyonyooka. Kisha jamaa ya Mystère, yenye mabawa yaliyolala nyuma kama ya mbayuwayu anapopiga mbizi. Kisha Super Mystère. Na mbele kabisa, iking'aa kama bibi harusi, Mirage III yenye mabawa ya pembetatu, ambayo ndiyo kila kijana anaiota. Hapo ndipo shida inapoanzia, maana ndege yoyote iliyokaa kati ya mtu na ndoto yake huonekana kuwa adui.

Wanasema nini juu yake? Wanasema ni nzito kupanda. Wanasema haigeuki. Wanasema risasi zake zinakwisha upesi. Sitakataa hata moja kati ya hayo, maana yote ni kweli. Ila kumlaumu farasi kwa kuwa hapandi mnazi ni kujilaumu mwenyewe uliyempeleka shambani.

Bawa lililolala nyuma halikubuniwa kwa ajili ya kugeuka. Ndege inapoikaribia kasi ya sauti, hewa mbele yake haipati tena nafasi ya kupisha; inarundikana, inakuwa kama ukuta, na bawa lililonyooka linaugonga ukuta huo kifua wazi. Ukilaza bawa nyuma, ni sehemu tu ya ile kasi inayolikata moja kwa moja, kwa hiyo ukuta unachelewa kujengeka. Ni kama mtu anayepita uchochoro mwembamba wa Mji wa Kale kwa kutanguliza bega. Lakini hakuna anayetembea siku nzima kwa bega. Ukipunguza mwendo, bawa hilo hilo linadai malipo: linabeba kidogo, linataka pua iinuliwe juu zaidi, na pua ikiinuliwa hewa inakushika miguu. Ukiendelea kuvuta kijiti, ncha za mabawa ndizo zinazoacha kubeba mwanzo, ndege inayumba, na aliye nyuma yako anakushukuru.

Sasa mtazame anayelalamika. Ametoka kwenye ndege za propela, ambako alizoea kumzunguka adui kama paka anavyouzunguka mkia wake. Anapewa Mystère, anaruka nayo moja kwa moja hadi penye vumbi, anavuta kijiti hadi tumboni, mwendo unashuka kilomita 400 kwa saa, anapigwa, anaandika matusi. Nimeshuhudia watu wakifanya hivyo mara kumi usiku mmoja. Kwa mtu wa namna hiyo hata Mirage haitakuwa dawa, maana bawa la pembetatu ndilo linaloadhibu zaidi mgeuko mrefu kuliko Mystère ilivyowahi kumwadhibu yeyote.

Niseme jinsi ninavyoirusha mimi, ili nisije nikaambiwa natetea kwa maneno matupu. Nikiruka, siendi kwenye vita. Naenda pembeni, mbali, kana kwamba sihusiki. Naipandisha polepole, nikiuachia mwendo ukue kwanza, bila kuilazimisha pua. Dakika kadhaa zinapita na huko chini vijana wamekwisha kuanza kuuana na kuulizana mimi nimekimbilia wapi. (Nimeitwa mwoga kwa lugha nne, na moja siifahamu.) Nikifika mita 5000 hivi nageuka, kwa upana, bila haraka, na natazama chini nimtafute mtu mmoja tu: yule anayegeuka. Anayegeuka ametumia mwendo wake wote. Ni kama aliyekula mshahara kabla ya tarehe kumi. Naishusha pua. Kilomita 800 kwa saa, 900, na zaidi, na hapa ndipo Mystère inapobadilika chini ya mkono wako. Ule uzito ulioulaani wakati wa kupanda sasa ndio unaokusukuma, bawa limepata hewa lililoumbiwa, ndege inatulia kama dau lililoingia ndani ya miamba.

Mizinga ni miwili, ya DEFA, ya milimita 30, na kila mmoja una risasi 150. Kwa namna inavyotema, hiyo ni takriban sekunde nane za moto kwa vita nzima. Sekunde nane! Mlalamikaji anasema ni chache. Mimi nasema ni nyingi kwa mtu aliyekwisha kuamua. Unakaribia hadi adui ajae machoni, unabana sekunde moja, unaachia, unapita. Umempata au hukumpata, unapita. Hurudi kumtazama. Unakwenda mbele kwa ule mwendo uliokuja nao, unainua pua kidogo kidogo, na unaanza tena ile kazi ya kupanda ambayo hakuna anayeisifu. Katika pambano zima ninaweza kupiga mara tatu au nne. Muda uliobaki wote ni kungoja.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi. Watu hawa wakisha kuitukana ndege ya mchezo, hawakomi hapo. Wanarukia historia. Wanasema ati Wafaransa hawakuwahi kuunda ndege ya maana kabla ya Mirage, ati Mystère ilikuwa majaribio tu. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2005 anamhukumu Marcel Dassault kwa sababu ameangushwa mara tatu siku ya Jumamosi.

Dassault huyo, ambaye alizaliwa akiitwa Marcel Bloch, alitoka katika kambi ya Buchenwald mwaka 1945 akiwa mgonjwa na viwanda vya Ufaransa vikiwa magofu. Tarehe 28 Februari 1949 Ouragan yake iliruka kwa mara ya kwanza, bawa limenyooka. Hakulala akaota ndege ya ajabu. Alichukua kiwiliwili kile kile cha Ouragan, akakiwekea bawa lililolazwa nyuma kwa digrii 30, akaipa jina la Mystère. Hiyo iliruka Februari 1951. Mwaka 1952, Oktoba, Mystère II ilivuka kasi ya sauti kwa kupiga mbizi, na Agosti mwaka uliofuata Jacqueline Auriol naye akaivuka ndani ya ndege ya aina hiyo. Wakati huo Mystère IV ilikwisha kuruka tangu Septemba 1952, bawa jembamba zaidi na lililolala zaidi. Super Mystère ya mwaka 1955 ikawa ndege ya kwanza iliyotengenezwa kwa wingi Ulaya Magharibi kuvuka kasi ya sauti ikiwa imenyooka, bila kushuka. Na Oktoba 1958 Mirage III ikafika mara mbili ya kasi ya sauti.

Hesabu mwenyewe: miaka isiyotimia kumi. Na katika miaka hiyo hakuna kidato kilichorukwa. Bawa likabadilishwa, kiwiliwili kikaachwa. Injini ikabadilishwa, bawa likaachwa. Kila ndege ilikuwa jibu la swali lililoulizwa na ile iliyoitangulia. Ukiiondoa Mystère katikati, hiyo Mirage unayoiota hutaiona. Na kama ilikuwa takataka, basi Wamarekani walikuwa wajinga, maana mwaka 1953, wakiwa na Sabre yao wenyewe, walikubali kulipia Mystère IVA 225 kwa ajili ya jeshi la anga la Ufaransa.

Waliozirusha vitani hawakuwa na uhuru wa kuchagua pambano. Waisraeli walizipata mwaka 1956, na katika vita vya Suez mwishoni mwa mwaka huo zilikutana na MiG-15 za Misri juu ya Sinai, nazo zikaziangusha baadhi. Wahindi walinunua zaidi ya 100. Na ni Mhindi mmoja ambaye hadithi yake ningependa kila mtukanaji aisome kabla hajagusa kijiti.

Jina lake ni Ajjamada Boppayya Devayya, kiongozi wa kikosi, mtu wa Kodagu huko kusini mwa India. Tarehe 7 Septemba 1965, katika vita vya India na Pakistan, Mystère za Kikosi cha Kwanza zilikwenda alfajiri kushambulia uwanja wa Sargodha. Devayya hakuwa katika orodha ya kwanza. Alikuwa wa akiba, akajazia nafasi. Wakati wa kurudi akakutana na F-104 Starfighter ya Pakistan. Msomaji azingatie tofauti iliyopo hapo: Starfighter ilikuwa na uwezo wa kwenda mara mbili ya kasi ya sauti, na Mystère IVA haikuweza kuifikia kasi ya sauti hata mara moja ikiwa imenyooka. Kwa kipimo cha mchezo wetu, Devayya alikuwa amekwisha kufa kabla ya kuonana. Alipigwa, ndege yake ikajeruhiwa, lakini hakwenda popote. Alimgeukia mwenzake wakapigana chini, karibu na ardhi, na mizinga ile ile ya DEFA ikaiangusha Starfighter. Rubani wa Pakistan aliruka kwa mwavuli akapona. Devayya hakurudi.

Kwa miaka mingi nchi yake haikujua kilichompata, ila kwamba hakurudi. Habari zilitoka upande wa adui, na mwaka 1988, miaka 23 baadaye, ndipo alipotunukiwa nishani ya Maha Vir Chakra, mjane wake akaipokea.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa: mbona Devayya aligeuka, na wewe unatuambia tusigeuke? Hapo ndipo ninapotaka kufika. Wepesi hauko ndani ya ndege kama chumvi ndani ya maji. Uko kati ya ndege mbili. Mbele ya ndege ya propela, au mbele ya MiG-17 inayogeuka vizuri kuliko wewe, Mystère ni mwenye mwendo na inapaswa kukaa na mwendo wake. Mbele ya Starfighter yenye vibawa vifupi kama vya kuku, iliyoshuka chini na kuukubali mzunguko, Mystère ndiyo inayogeuka. Ni ndege ile ile. Kilichobadilika ni aliye mbele yako, na rubani anatakiwa amjue huyo kabla hajavuta kijiti. Kwenye kompyuta zetu jambo hili linaandikwa kwa namba moja iliyobandikwa juu ya picha ya ndege, na watu wanaisoma namba hiyo kama majibu ya hospitali.

Sisemi Devayya alikuwa anacheza. Sisi tukifa tunabonyeza kitufe. Lakini ndiyo sababu hasa inaniuma kumsikia mtu mwenye maisha yasiyokwisha akikiita kile chuma takataka.

Mpwa wangu ni mmoja wao, na yeye ndiye aliyenifanya niandike haya. Ana miaka kumi na saba, ana mikono mizuri kuliko yangu, na macho yake yanaona nukta angani kabla mimi sijapata miwani. Alipofika kwenye Mystère alicheza siku tatu. Siku ya nne akanijia na simu ya mama yake mkononi.

"Mjomba, hii ndege haifai. Kuna njia ya kulipa nikaruka zote hizi, nikaenda moja kwa moja kwenye Mirage."

"Kiasi gani?"

Hakujua. Alijua ni sarafu ngapi za dhahabu, zile za mle ndani ya mchezo. Tulikaa tukazigeuza sarafu kuwa dola, na dola kuwa shilingi, na shilingi tukazipima kwa pesa ya chama aliyoipokea dada yangu wiki ile. Ilikuwa karibu nusu yake. Nikamwambia hapana. Akaniambia mimi ni mzee, ningependa kila mtu ateseke kwa kuwa niliteseka. Mama yake, aliyekuwa jikoni akisikiliza, akasema mchezo ni mchezo tu, tumwache mtoto, kwani kuna nini?

Kuna hili. Kijana yule hakuichukia Mystère kwa bahati. Alifundishwa kuichukia. Mchezo umepangwa hivi: ukifika kwenye ndege inayotaka subira, unapangiwa kupigana na ndege zilizokuja baada yake, zenye injini za kumwagia mafuta nyuma ili ziwake mara ya pili, na nyingine zenye makombora yanayofuata joto. Makombora ya namna hiyo yalitumika vitani kwa mara ya kwanza Septemba 1958. Mystère IV ilikuwa imekwisha kuruka miaka sita kabla. Unaangushwa, unaudhika, na papo hapo, kwenye kioo kile kile kinachokuonyesha mabaki yako yakiwaka, kuna kitufe cha kununua njia ya kutokea. Mwenye duka ndiye aliyekutia kiu, na ndiye anayeuza maji. Halafu wachezaji, badala ya kumkasirikia mwenye duka, wanakasirikia mtungi.

Hao hao walionunua njia ya mkato ndio wanaonilisha mimi. Nawatambua. Ndege ni ya bei, imepakwa rangi za kupendeza, na imo chini kabisa, mwendo umekwisha, inazunguka. Hakuna aliyewafundisha kungoja, maana shule ya kungoja waliilipia ili waikwepe. Nashuka kutoka mita 5000 na ndege iliyoundwa miaka ya 1950, nabana sekunde moja, napita. Dakika moja baadaye nasoma wanavyolalamika kwamba Mirage nayo ni mbovu.

Basi hasira za watu zielekee panapostahili. Waundaji wa mchezo wairudishie Mystère wapinzani wa rika lake: Sabre, Hunter, MiG-15, na hata MiG-17, ambayo si ngeni huku kwetu, maana jeshi la Idi Amin lilikuwa nazo na baadhi ziliteketezwa uwanjani Entebbe usiku ule wa Julai 1976. Mbele ya hao tutapigana na kushindwa bila kinyongo. Waache kutupanga na makombora kisha kutuuliza kama tuna pesa. Na hiyo njia ya mkato, kama ni lazima iuzwe, iandikwe bei yake kwa shilingi, wazi, juu ya kitufe chenyewe, na si kwa dhahabu ya uongo ambayo mtoto hawezi kuigeuza kichwani kuwa unga na mafuta ya mama yake.